Watoto Walioumwa: Historia ya Kichaa cha Mbwa

Katika nyua nyingi za nchi hii, ewe msomaji, wako viumbe wawili waishio karibu sana na ardhi: mtoto mdogo na mbwa. Wote wawili huketi chini, wote wawili hungojea kitu kianguke kutoka mkononi mwa mlaji, na jua likiwa kali hugombania kivuli kimoja. Mama aendapo kisimani husikitika kwamba hana wa kumwachia mtoto, kisha hujiliwaza kwamba mbwa yupo. Watazame hao wawili wamesimama pamoja, nawe utaona jambo ambalo huenda hujaliwaza: mdomo wa mbwa na uso wa mtoto viko kimo kimoja. Mtu mzima akiumwa, mara nyingi huumwa mguuni. Mtoto wa miaka minne aweza kuumwa shavuni, shingoni au kichwani. Nakuomba uliweke jambo hilo moyoni tangu sasa, kwa maana tutalirudia.

Siandiki mashtaka juu ya mbwa. Yeye alikuwa mwenzi wa mwanadamu kabla ng'ombe hajafugwa na kabla mtama haujapandwa. Mwenye shamba la mahindi karibu na msitu wenye nyani ajua thamani ya mbwa, na mchunga mbuzi ajua zaidi. Lakini urafiki wa zamani una historia yake, na historia hiyo ina sura moja iliyo chungu, ambayo ndani yake watoto wametajwa mara nyingi kuliko watu wazima.

Niliingia katika sura hiyo mapema kuliko nilivyotaka. Nilipokuwa katika shule ya msingi, palikuwa na mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka sita hivi, aliyependa kumnyang'anya mbwa wa kwao mifupa. Alikatazwa mara nyingi. Siku moja mbwa yule akamuuma katika kiganja, jeraha dogo tu, kama mtu aliyechomwa na miiba miwili. Mtoto aliogopa fimbo. Akafumba mkono, akanyamaza, na jeraha likapona lenyewe. Mbwa akapotea siku chache baadaye, wala hakuna aliyemtafuta, maana mbwa hupotea. Majuma saba yakapita. Asubuhi moja mtoto alipewa chai, akakishika kikombe, akaanza kutetemeka, akakitupa. Walifikiri ni utundu. Jioni alipewa maji, koo ikambana kabla hayajafika mdomoni, na hapo dada yake mdogo, ambaye alikuwa ameapishwa asiseme, akasema. Siku ya nne tulimzika. Tangu siku ile nimejua kwamba maradhi haya yana rafiki mkubwa, na rafiki huyo ni kimya cha mtoto.

Yafaa tueleze maradhi yenyewe kabla ya kwenda mbali. Kiini chake ni kirusi, kitu kidogo mno kisichoonekana kwa darubini ya kawaida, nacho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Kiingiapo jerahani hakienei kwa njia ya damu kama vijidudu vya maradhi mengi. Hushika mishipa ya fahamu na kupanda nayo, polepole, kuelekea ubongo. Safari hiyo huchukua majuma, pengine miezi, na katika muda huo wote aliyeumwa hula, hucheza na hulala kama kawaida. Kirusi kikisha kufika ubongoni na dalili zikaonekana, karibu hakuna aponaye. Tena urefu wa safari ni urefu wa njia. Kutoka kidole cha mguu cha mtu mzima hadi ubongoni ni mbali; kutoka shavu la mtoto hadi ubongoni ni shubiri moja.

Wanadamu wa kale hawakuijua njia hiyo, lakini matokeo yake waliyajua vizuri. Katika nchi iitwayo leo Iraki, karibu na mto Diyala, palikuwa na mji wa Eshnunna. Sheria za mji huo, zilizoandikwa juu ya mabamba ya udongo yapata miaka 3,800 iliyopita, zilifukuliwa karibu na Baghdad katika miaka ya 1945 na 1947. Sheria moja yasema hivi kwa maana yake: ikiwa mbwa ana kichaa, na wakubwa wa mtaa wamemjulisha mwenyewe, naye asimzuie mbwa wake, na mbwa akamuuma mtu hata akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, atalipa shekeli 15. Tazama jinsi watu wale walivyoligawa jukumu. Hawakumtoza mtu kwa sababu ya kufuga mbwa tu. Walimtoza aliyeambiwa akapuuza. Wakubwa wa mtaa walikuwa na wajibu wa kusema, na mwenye mbwa alikuwa na wajibu wa kusikia. Sijui kama sisi tumewapita sana watu wa Eshnunna katika jambo hilo. Mbwa wangapi katika mtaa wako wajulikana kwa jina la mwenyewe mchana, na usiku wakawa si wa mtu?

Kwa muda wa miaka elfu tatu na zaidi baada ya sheria ile, binadamu hakupata dawa. Alichokuwa nacho ni moto. Mwaka 1831 mbwa-mwitu mwenye kichaa aliingia katika vijiji vya mlima Jura, upande wa mashariki wa Ufaransa, akawauma watu. Katika mji mdogo wa Arbois waliojeruhiwa walipelekwa kwa mhunzi, na mhunzi akawachoma majeraha kwa chuma chekundu kilichotoka katika makaa. Miongoni mwa watoto wa mji ule alikuwamo mvulana wa miaka minane, mwana wa mtengeneza ngozi, jina lake Louis Pasteur. Mambo yale hakuyasahau katika maisha yake.

Pasteur hakusomea udaktari. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya kemia, aliyezaliwa mwaka 1822, na sehemu ya sifa yake aliipata kwa kuchunguza mambo ambayo wengi wangeyadharau: kwa nini divai huchacha, kwa nini nondo wa hariri hufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, akiwa mtu mzima ambaye upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umeguswa na kupooza, aliyageukia maradhi ya kichaa cha mbwa. Hakuweza kukiona kirusi. Hakuna aliyeweza katika siku zile. Lakini alijua kwamba kimo katika ubongo na katika uboho wa mgongo wa mnyama aliyekufa kwa maradhi hayo. Yeye na msaidizi wake Émile Roux waliwaambukiza sungura, wakatoa uboho wao, wakauning'iniza ndani ya chupa zenye hewa kavu. Siku zilivyopita, uboho ule ulipoteza nguvu ya kuua, na baada ya siku 14 hivi ulikuwa hauna nguvu tena. Wakawadunga mbwa kwanza kwa uboho mkavu kabisa, kesho yake kwa uliokauka kidogo chini ya huo, wakaendelea hivyo hadi uboho mbichi, na mbwa hao wakaweza kuumwa na mbwa wagonjwa wasife.

Hapa ndipo wazo lake kubwa lilipokaa. Chanjo nyingine nyingi hutolewa kabla ya maradhi kuingia. Lakini maradhi haya huingia kisha hutembea polepole. Basi mtu aliyeumwa jana aweza kuchanjwa leo, na mwili wake ukajenga ngome kabla adui hajafika mlangoni. Ni mashindano ya wasafiri wawili, na wa pili akianza upesi aweza kumpita wa kwanza.

Tarehe 4 Julai 1885, katika Alsace, nchi ambayo wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Ujerumani baada ya vita vya 1870, mvulana wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister alikuwa akienda peke yake njiani. Mbwa wa Théodore Vone, mwenye duka, alimrukia akamwangusha. Mtoto alijifunika uso kwa mikono yake, na ishara hiyo ndogo huenda ndiyo iliyomwokoa, maana majeraha yake 14 yakawa mkononi, miguuni na mapajani badala ya kichwani. Mpita njia mmoja, mwashi, alimfukuza mbwa kwa ufito wa chuma. Mbwa akarudi kwa bwana wake akamuuma yeye pia. Alipouawa na kupasuliwa, tumboni mwake walikuta majani makavu na vipande vya miti, na katika siku zile hiyo ilihesabiwa kuwa alama ya kichaa.

Daktari wa mji uliokuwa karibu alimchoma Joseph majeraha kwa dawa kali, lakini baada ya saa 12 kupita. Ndipo mama yake akachukua uamuzi ambao nadhani ulihitaji moyo kuliko elimu. Alimchukua mwanawe, ambaye aliweza kutembea kwa shida tu, akavuka mpaka, akafika Paris tarehe 6 Julai kumtafuta mtu ambaye hakuwa daktari na ambaye dawa yake ilikuwa imejaribiwa kwa mbwa. Vone alifuatana nao. Pasteur alimwangalia mkono, akaona kwamba meno hayakupenya nguo, akamwambia aende zake. Mtoto hakumwambia hivyo.

Jitie, msomaji, katika nafasi yake. Akimchanja mtoto, na mtoto akafa, watu watasema kwamba ni yeye aliyemuua. Nao huenda wakawa wamesema kweli, kwa kuwa sindano za mwisho zilikuwa na maradhi yenye nguvu zote. Asipomchanja, huenda akafa kwa mbwa. Tena hakuwa na yakini kwamba mbwa yule alikuwa na kichaa hasa. Aliwauliza madaktari wawili, Vulpian na Grancher. Wote wawili walimkagua mtoto wakasema kwamba yumo hatarini. Jioni ile ile, Grancher alimdunga Joseph sindano ya kwanza, kwa kuwa sheria haikumruhusu Pasteur kumdunga mtu. Zikafuata nyingine, jumla 13, hadi tarehe 16 Julai. Kadiri sindano zilivyozidi nguvu, usingizi wa Pasteur ulizidi kupungua. Mtoto yeye alilala vizuri, akacheza na sungura na panya wa nyumba ile ya majaribio. Hakuugua.

Baadaye sana, daftari za Pasteur zilipofunguliwa kwa wachunguzi, ilionekana kwamba majaribio yake kwa mbwa kwa njia ile hasa aliyomtibu nayo Joseph yalikuwa machache na hayajakamilika, kinyume cha alivyowafanya watu wafikiri. Mwanahistoria Gerald Geison aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1995, na ugomvi mkubwa ukazuka. Mimi naona kwamba mambo yote mawili yaweza kuwa kweli: kwamba alijitapa kupita kiasi, na kwamba alimhurumia mtoto. Mwanafunzi wa historia asiogope kuona doa katika vazi la mtu mkubwa.

Mwezi Oktoba wa mwaka ule ule, katika kijiji cha Villers-Farlay, karibu na Arbois ile ile ya mhunzi, watoto wachungaji sita walikuwa malishoni. Mbwa mwenye povu mdomoni akawajia. Mkubwa wao, Jean-Baptiste Jupille, mwenye umri wa miaka 15, alijitupa mbele ili wadogo wapate kukimbia. Mbwa akamshika mkono wa kushoto. Jupille akapigana naye chini, akamfungua taya kwa mkono wa kulia, akamfunga mdomo kwa kamba ya mjeledi wake, kisha akavua kiatu chake cha mti akampiga nacho mpaka akamshinda. Alifika kwa Pasteur siku sita baada ya kuumwa, muda mrefu kuliko wa Joseph, naye akapona. Sanamu ya kijana huyo akishindana na mbwa imesimama hata leo katika uwanja wa Taasisi ya Pasteur, Paris. Katika sanamu zote za mashujaa nilizopata kuona picha zake, hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa shujaa wake alikuwa analinda watoto wa jirani.

Lakini ukiishia kwenye sanamu utakuwa umesoma nusu ya historia. Mwezi Novemba 1885 aliletwa msichana wa miaka kumi, Louise Pelletier. Aliumwa na mbwa mkubwa tangu tarehe 3 Oktoba, kwapani na kichwani. Jeraha la kichwa lilikuwa bado wazi likitoka usaha, na siku 37 zilikuwa zimekwisha kupita. Pasteur alijua kwamba amechelewa. Alijua kadhalika kwamba akifa, maadui zake watalihesabu kaburi lake dhidi ya chanjo yote, na wengine ambao wangeweza kuokoka wataogopa kuja. Wazazi walimsihi. Hakuweza kuwafukuza. Louise alichanjwa, akarudi shuleni, na baada ya siku chache koo yake ikaanza kubanwa mbele ya maji. Alikufa mapema mwezi Desemba, na Pasteur alikaa karibu na kitanda chake.

Sasa twarudi kwenye lile nililokuomba uliweke moyoni. Kilichomuua Louise ni vitu viwili: kuchelewa, na mahali pa jeraha. Msafiri alikuwa ameanza safari yake karibu kabisa na mlango. Katika muda wa karibu miaka 70 iliyofuata, jambo hili liliwasumbua madaktari: chanjo iliwaokoa wengi walioumwa mikononi na miguuni, lakini ilishindwa mara nyingi mbele ya majeraha ya kichwa na uso, ambayo ndiyo majeraha ya watoto. Chanjo huuamsha mwili ujitengenezee kinga, na mwili huhitaji siku kadhaa. Aliyeumwa kichwani pengine hana siku hizo.

Jibu lilipatikana Uajemi, nchi iitwayo Irani. Mwezi Agosti 1954, katika kijiji cha Sahaneh, mbwa-mwitu mwenye kichaa aliwauma watu 29 katika usiku mmoja, wengi wao kichwani. Marcel Baltazard, mkuu wa Taasisi ya Pasteur ya nchi hiyo, na wenzake walikuwa na seramu, yaani majimaji ya damu ya mnyama aliyekwisha kuchanjwa, ambayo ina kinga tayari ndani yake. Waliumwa kichwani walipewa chanjo, na wengi wao wakaongezewa seramu. Kati ya watano waliopata chanjo peke yake, watatu walifariki. Kati ya waliopata vyote viwili, alifariki mmoja tu. Mtoto wa miaka sita ambaye meno yalikuwa yamepenya mfupa wa kichwa chake alipona. Kuanzia hapo desturi ikawa, kwa majeraha makubwa, kutia seramu katika jeraha lenyewe na kuchanja pamoja. Kama Louise Pelletier angezaliwa miaka 70 baadaye na kuletwa siku ile ile aliyoumwa, yumkini angepona.

Chanjo nayo ilibadilika. Uboho wa sungura uliachwa. Kwa muda mrefu watu walidungwa tumboni sindano nyingi za dawa iliyotengenezwa kwa ubongo wa kondoo, zenye maumivu na pengine madhara, na ndiyo maana wazee wako wakisikia habari za mbwa hushika matumbo yao. Tangu miaka ya 1970 zimekuwapo chanjo safi zaidi. Hutiwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo, nazo ni chache. Hofu ya sindano za tumboni imebaki ijapokuwa sindano zenyewe zimekwisha.

Wakati madaktari walipokuwa wakishughulika na aliyeumwa, nchi nyingine zilimkabili aumaye. Uingereza, mwaka 1897, ilishika amri kali kwamba mbwa waendao njiani wafungwe midomo. Wapenda mbwa walikasirika sana; yule waziri aliyesimamia amri, Walter Long, alitukanwa na watu wa heshima. Mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka katika nchi ile. Kikarudi mwaka 1918, kwa kuwa mbwa waliingizwa kwa siri vita vilipokwisha, nacho kikamalizwa tena mwaka 1922. Wajapani walipata chanjo ya mbwa mwenyewe mwaka 1921 kwa kazi ya Umeno na Doi. Sheria yao ya mwaka 1950 ililazimisha mbwa waandikishwe na kuchanjwa, na mwaka 1957 maradhi yakawa yamekwisha nchini kwao. Ukweli huu wastahili kufikiriwa. Katika miaka saba tu, kwa sindano na daftari, taifa lilipata yale ambayo chuma cha mhunzi hakikuweza kuyatoa katika miaka elfu tatu.

Huenda ukasema kwamba hizo ni nchi tajiri. Basi njoo karibu, Pemba. Kisiwani kule wenyeji walio wengi ni Waislamu, na mbwa si wengi, lakini waliokuwapo walitosha kuua watu. Kazi ya kuwachanja mbwa kwa wingi ilifanyika kuanzia mwanzo wa miaka ya 2010, na kufikia mwaka 2014 maradhi yalikuwa yametoweka. Mwaka 2016 yakaingia tena, yakaletwa na mbwa kutoka ng'ambo ya maji, kama yalivyoingia Uingereza mwaka 1918. Wakachanja tena, na mwaka 2018 yakaisha mara ya pili. Pemba si tajiri. Ilichofanya ni kutoacha mwaka upite bila kuchanja, na ilipoacha ilijuta.

Katika Kenya, mbwa wa kwanza aliyethibitishwa kuwa na maradhi haya alionekana karibu na Nairobi mwaka 1912. Zaidi ya karne imepita. Mwaka 2014 serikali ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Hesabu hiyo haikuokotwa njiani. Mbwa wengi hivyo wakiwa na kinga, mbwa mgonjwa hufa kabla ya kumpata mwingine wa kumwambukiza, na moto huzimika kwa kukosa kuni. Shirika la Afya la Ulimwengu hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa maradhi haya, karibu wote katika Afrika na Asia, karibu wote kwa sababu ya mbwa. Na katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15.

Wanne katika kumi! Sababu zake umekwisha kuziona. Mtoto ni mfupi. Mtoto hajui kwamba mbwa alaye, alalaye au anyonyeshaye hasogelewi. Humkumbatia mbwa shingoni kama amkumbatiavyo ndugu yake, na mbwa hajui maana ya kukumbatiwa. Tena mbwa mgonjwa mara nyingi si yule wa picha, mwenye povu na macho mekundu. Pengine hunyamaza, hujificha chini ya ghala, taya yake hulegea, akaonekana kama mbwa aliyekwama na mfupa kooni, na mtoto mwenye huruma huingiza mkono kuutoa. Na zaidi ya yote, mtoto huficha.

Kwa hiyo wewe uliye mkubwa katika nyumba yenu, ambaye wadogo zako hukwambia mambo wasiyomwambia baba, una sehemu katika historia hii. Mtoto akija na alama ya jino, hata ikiwa ni mkwaruzo, usimuulize kwanza alimfanyia nini mbwa. Lioshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa robo saa nzima. Kazi hiyo peke yake hukiondoa kirusi kingi kabla hakijashika njia. Usipake pilipili, wala majani, wala mafuta. Kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama mbwa ni wenu, hata kama alichanjwa. Najua kwamba chanjo haipatikani katika kila zahanati, na kwamba bei yake na nauli huwashinda wazazi wengi. Ni aibu yetu sote, na safari ya mama yake Joseph haikuwa rahisi pia.

Joseph Meister alikua. Alirudi Paris akafanya kazi ya bawabu katika Taasisi ya Pasteur, iliyofunguliwa mwaka 1888 kwa fedha zilizochangwa na watu wa nchi nyingi, na Jupille naye alipata kazi mumo humo. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo imekuwa siku ya ulimwengu ya kupigana na kichaa cha mbwa. Joseph alifariki mwezi Juni 1940, akiwa na umri wa miaka 64. Miaka 55 kati ya hiyo aliipata baada ya mbwa wa Vone.

Mwaka jana maofisa wa mifugo walikuja karibu na chuo ninakofundisha, wakaweka meza chini ya mgunga na sanduku lenye barafu pembeni. Nilikwenda kutazama. Watu wazima walikuwa wachache. Waliowaleta mbwa walikuwa watoto, wengine wadogo kuliko mbwa wenyewe, kila mmoja ameshika kamba ya katani au kipande cha mkanda wa redio iliyokufa. Mvulana mmoja alikuwa na mbwa watatu. Nilimuuliza ni wa nani. Akanijibu kwamba mmoja ni wao, na wale wawili si wa mtu, lakini hulala kwao, kwa hiyo amewaleta.